Vitu Vyote Hivi vya Nani?

Ndugu msomaji, nina kosa nililolifanya mwaka juzi ambalo sijawahi kulikiri kwa maandishi. Kosa lenyewe lilianza kwa haja ya meza.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja yale ya kumrudisha mtu nyumbani, nami nikajiambia kwamba kama shule imenikataa, riwaya haitanikataa. Ninakaa Chikongola, hapa Mtwara mjini, mimi na bibi mzaa mama. Nyumba ina vyumba viwili na stoo. Mwandishi anataka meza, meza inataka nafasi, na nafasi yote ya nyumba ile ilikuwa imeshikwa na vitu vya bibi. Nitaje? Mitungi mitatu, mmoja una ufa. Mikeka ya ukindu, imekunjwa na kusimamishwa ukutani kama walinzi. Sahani za bati arobaini na mbili. Chupa za chai nne, moja tu ndiyo inayoweka joto. Makopo ya maziwa ya unga ambayo mtoto aliyekunywa maziwa hayo sasa ana watoto wake. Kinu, mchi, nyungo, mbuzi mbili za kukunia nazi. Vipande vya sabuni vimefungwa kwenye kitambaa. Na katikati ya stoo, kama mfalme, limekaa sufuria la kupikia wali wa kilo ishirini.

"Bibi," nilimwuliza siku moja, "vitu vyote hivi vya nini?"

"Vina kazi yake, mume wangu."

(Msomaji wa mbali asishtuke. Bibi zetu huwaita wajukuu wa kiume waume zao. Ni utani, na huyo mume kazi yake kubwa ni kutumwa dukani.)

Basi mimi wakati ule nilikuwa nimeingiwa na falsafa. Maktaba ya mkoa nilikuwa nimesoma habari za Diogenes, yule Mgiriki aliyekaa ndani ya mtungi mkubwa na kumiliki kikombe kimoja tu. Siku alipomwona mtoto akinywa maji kwa viganja, akakitupa hata hicho kikombe. Nilisoma pia habari za Mmarekani Henry David Thoreau, ambaye mwaka 1845 alihamia kibanda kando ya bwawa la Walden, akaishi humo miaka miwili na ushee, akiwa na viti vitatu tu. Akapata muda, akaandika. Halafu kwenye vitabu vya mitumba nikaokota kitabu cha mama mmoja wa Kijapani, Marie Kondo, anayefundisha watu kupanga nyumba. Yeye anasema ushike kila kitu mkononi, kimoja kimoja, ujiulize kama kinakupa furaha. Kama hakikupi, kiage, kiondoke.

Watu watatu, wa nchi tatu na zama tatu, wote wananiambia jambo moja. Ningewakataliaje?

Bibi alipoondoka kwenda Madimba kumwuguza mjomba, nikabaki mwenyewe wa nyumba. Nikaanza kazi. Nilishika mbuzi ya nazi mkononi, nikajiuliza kama inanipa furaha. Nilishika ndoo ya chooni vilevile, nikaona huyu mama wa Kijapani hakutufikiria sana. Lakini niliendelea. Chupa za chai mbovu nikatupa, na hapo sijuti hata leo. Makopo nikagawa. Chini ya kitanda nikakuta gunia zima la mifuko ya rambo, imekunjwa mmoja mmoja kwa adabu kama leso. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo bibi yangu, mwanamke ambaye hajawahi kuchelewa hata kurudisha ungo wa jirani, alikuwa amelala juu ya magendo kwa miaka bila kujua.

Kisha nikafika kwenye sufuria.

Sijawahi kuliona likipikiwa nyumbani kwetu. Sisi ni wawili. Ukitupikia kilo ishirini tutakula mpaka Ramadhani nyingine. Nikalipima kwa falsafa yangu: halitumiki, halipendezi, linakula nafasi ya meza. Nikalibeba kichwani mpaka kwa vijana wanaonunua chuma chakavu, mtaa wa Reli. Wakalitundika kwenye mzani, likazunguka polepole, likasimama. Elfu kumi na nane. Nikaongeza kidogo, nikanunua meza kwa fundi wa Vigaeni.

Mtaa wa Reli hauna reli, jambo ambalo mgeni huuliza na mwenyeji huwa ameshasahau kulishangaa. Waingereza walipoleta mradi wao wa karanga mwaka 1947, walijenga bandari hapa Mtwara na njia ya treni kuelekea Nachingwea ili karanga ziteremke baharini. Walileta mitambo mingi ya mtumba, masalio ya Vita Kuu ya Pili, hata vifaru vikageuzwa matrekta. Karanga zikakataa. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamekwisha, na mwaka 1962 reli nayo ikafungwa, baadaye ikang'olewa. Limebaki jina. Nayaeleza haya kwa sababu siku ile nimesimama kwenye mzani nilijiona mwanafalsafa, kumbe nilikuwa nimesimama mahali ambapo watu wakubwa kuliko mimi walikwisha kukosea hesabu ya vitu, tena kwa upande wa pili. Wao walileta vitu wasivyovihitaji. Mimi nilikuwa naondoa kitu nisichokijua.

Meza ikaingia. Nikaandika wiki tatu, kurasa kumi na moja. Bibi aliporudi alisimama mlangoni mwa stoo kwa muda, akatazama, akasema tu, "Umefagia." Nikadhani amependa. Labda hakuwa ameangalia vizuri, labda alikuwa amechoka na safari. Mimi sikumwambia neno, na huko kunyamaza ndiko kulikonionyesha baadaye kwamba moyoni nilijua.

Siku ya nne, alfajiri, kilio kikasikika nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mzee wa mle ndani amefariki. Jua halijapanda, wakaja kina mama wawili hodi hodi, kanga zimefungwa kiunoni. "Shikamoo bibi. Tumefuata sufuria."

Hawakusema "tunaomba". Hawakusema "kama lipo". Tumefuata sufuria, kama mtu anavyofuata maji kisimani.

Nilikuwa nimekaa kwenye meza yangu. Bibi akageuka akanitazama mara moja, akaelewa yote. Kisha akawageukia wale mama akasema, "Limetoboka, wanangu. Nimelipeleka kuzibwa. Ngojeni niwatafutie kwa mama wa kule kona." Akajifunga kanga, akatoka nao, akaenda kugonga milango ya watu asubuhi ile kuazima sufuria, yeye ambaye kwa miaka yote ndiye aliyekuwa akiazimwa.

Alisema uongo. Bibi yangu anayeswali swala tano alisema uongo mbele ya msiba ili mume wake mjinga asiaibike mtaani. Hajawahi kunigombeza kwa hilo. Afadhali angenigombeza.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali ambalo Diogenes hakunisaidia. Vitu vilivyomo nyumbani ni vya nani? Falsafa niliyoisoma inajibu haraka: ni vyako, kwa hiyo jiulize vinakufaa nini wewe. Vinakupa furaha wewe? Unavitumia wewe? Lakini zile sahani arobaini na mbili hazikuwa zetu kwa maana hiyo. Nilikwenda kuzihesabu upya nikaona baadhi zimetiwa alama ya rangi chini, nyekundu na buluu, alama za watu waliozichanga zamani. Mikeka vilevile; kuna ambayo bibi mwenyewe hakumbuki ilitoka nyumba gani. Stoo yetu ilikuwa ghala la mtaa, na bibi alikuwa mtunza ghala asiye na mshahara. Msiba ukitokea, jamvi linatoka hapa. Harusi ikifungwa, sahani zinatoka hapa. Mtaa mzima una sufuria moja kubwa ili nyumba nyingine thelathini zisihitaji kuwa nalo. Sasa niambie msomaji, ni nani aliyekuwa anaishi kwa vitu vichache? Mimi niliyetaka kila mtu asafishe stoo yake, au mtaa ule uliokuwa umekwisha kupunguza masufuria yake kabla sijazaliwa?

Nikarudi kuwasoma tena wale wazee wangu wa vitabuni, safari hii kwa jicho la mtu aliyeumbuka. Thoreau alijenga kibanda kwenye ardhi ya rafiki yake, Ralph Waldo Emerson. Na shoka alilokatia miti alianza kwa kuliazima, ameandika mwenyewe. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Kumbe hata Walden ilikuwa na bibi yake, mtu fulani aliyekuwa ametunza shoka! Diogenes naye alikuwa akiomba chakula kwa watu, na mtu haombi chakula kwenye nyumba zisizo na sufuria. Siwadharau. Nasema tu kwamba umaridadi wa mtu mmoja mwepesi mara nyingi umeegemea stoo ya mtu mwingine, na huyo wa stoo hatajwi kitabuni.

Lipo na jambo la pili, linaniuma zaidi. Mwenye pesa anapotupa sufuria hajalipoteza. Limehamia dukani, na siku atakayolitaka atakwenda kulichukua. Duka ndilo stoo yake, benki ndiyo sanduku lake. Sisi tusio na benki, stoo ndiyo duka, na sanduku ndiyo bima. Nilipomwuliza bibi juu ya vipande vya sabuni alinihadithia miaka ile baada ya vita vya Kagera, vya 1978 na 1979, wakati sabuni, sukari na kitambaa vilipokuwa adimu. Mche mmoja wa sabuni ulikatwa vipande, kipande kikahesabiwa. Halafu ukaja mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine, na watu wakaanza kuviogopa vitu vyao wenyewe. Wapo waliotupa bidhaa porini usiku wasikutwe nazo. "Kwa hiyo mimi," akasema bibi, "nimeona kukosa na nimeona kuogopa kuwa navyo. Wewe umeona nini, mume wangu?"

Sikuwa na jibu. Nimeona vitabu viwili vitatu.

Na hata hayo ya sabuni ni ya juzi. Bibi alizaliwa ng'ambo ya mto, kijiji cha upande wa Palma. Vita vya FRELIMO na Wareno vilipoanza mwaka 1964 alikuwa msichana. Walivuka Ruvuma usiku kwa mtumbwi, huku viboko wanasikika majini, na mama yake akaambiwa na mvushaji achague: mtoto mdogo au mzigo, mtumbwi umejaa. Mzigo ukabaki ukingoni. Ndani yake kulikuwa na nini bibi hajui mpaka leo, ila anasema mama yake aliuzungumzia mzigo ule mpaka anakufa. Machi 2021, Palma iliposhambuliwa na watu wakakimbia tena kuelekea mtoni, bibi alizima redio. Siku ile niliona ni uzee. Sasa najiuliza kama mtu aliyeacha mzigo wake ukingoni mara moja anaweza kweli kufundishwa na mimi jinsi ya kuaga vitu.

Usinielewe vibaya, sisemi kila anayelimbikiza ni mtakatifu. Mjomba wangu wa Madimba ananizuia kusema hivyo. Msimu wa mwaka 2017 korosho ghafi iliuzwa mnadani kwa zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo, bei ambayo wazee walikuwa hawajaiona. Mjomba akapata pesa, akanunua makochi ya watu saba na runinga kubwa. Makochi yakakataa kuingia mlangoni. Badala ya kuyarudisha, mjomba akabomoa ukuta, yakaingia, akajenga tena ukuta. Mtu akifika anaketishwa pale, nailoni haijavuliwa, jasho linakutoka mgongoni, na unatakiwa kusifu. Msimu wa 2018 ukavurugika: wanunuzi wakatoa bei ya chini, wakulima wakagoma kuuza, mpaka Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 na malori ya jeshi yakaja kusomba. Mjomba hakuwa na akiba, maana akiba alikuwa ameikalia. Alipotaka pesa ya salfa ya kupulizia mikorosho, makochi yakauzwa kwa bei ya kutupa. Ukuta ukabomolewa mara ya pili.

Yale makochi yalikuwa ya watu saba, lakini hayakumngoja mtu yeyote. Yalingoja macho. Hapo ndipo ninapoiona tofauti, ingawa mstari wenyewe sijaupata vizuri. Kuna kitu kinachokaa nyumbani kikingoja kutumika na watu, na kuna kitu kinachokaa kikingoja kutazamwa. Cha kwanza hata kikipata vumbi miaka mitatu kipo kazini. Cha pili hata ukikipangusa kila asubuhi ni mzigo tu. Lakini hapo hapo najikamata: je, mjomba aliyekulia juu ya mkeka hana haki hata mara moja maishani kukaa kwenye kitu laini? Nani amempa kijana wa mjini, anayelishwa na bibi, ruhusa ya kumcheka? Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwabana viongozi kwanza, lilipokataza mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Lilimtaka anayeweza kujilimbikizia ajizuie. Naona lilikuwa na akili hapo. Kumhubiria kiasi mtu ambaye hajawahi kuvuka kiasi ni kama kumshauri mwenye njaa afunge.

Kwa hiyo rafiki zangu waandishi, tunaokutana kwenye kurasa hizi tukilalamika kwamba nyumba zetu zina kelele na vitu na ndugu, na kwamba mtu hawezi kuandika kitu cha maana mpaka apate chumba kitupu: mimi nilikipata. Nilikipata kwa elfu kumi na nane. Zile kurasa kumi na moja zilihusu kijana mmoja mpweke anayetembea ufukoni Shangani akiwaza. Hakuwa na jirani hata mmoja. Hakukuwa na mtu anayekuja alfajiri kufuata chochote. Nimezisoma tena na hazisomeki.

Nilifanya kibarua cha kupakia magunia kwenye maghala ya korosho msimu mzima ili ninunue sufuria jingine. Jipya la ukubwa ule halikamatiki kwa bei, na la kwanza nilipokwenda kuliulizia Reli, vijana walinitazama kama mtu anayeuliza habari za mvua ya mwaka jana. Limekwisha kuyeyushwa zamani. Nikapata la kilo kumi na tano, limetumika, lina kibonyeo pembeni. Meza nikaiuza kwa hasara kumalizia. Bibi aliligonga kwa kucha, akasikiliza, akasema, "La udogo, lakini lina sauti." Akalipeleka stoo, akaliweka palepale pa mwanzo.

Sasa naandikia kwenye ubao, magotini, juu ya mkeka mmojawapo wa ile ya ukutani. Mgongo unauma. Yule kijana wa ufukoni nimempa shangazi watatu na deni.

Sufuria lilikaa stoo siku tisa tu. Likaja kuchukuliwa kwa msiba wa Majengo, na watu ambao mimi siwafahamu hata kwa sura. Walimtaja mtu aliyemtaja mtu, bibi akaitikia kwa kichwa, nami nikawabebea mpaka kwenye mkokoteni. Mpaka leo halijarudi. Jana nilimwuliza bibi kama nikalifuate.

"Hebu liache," akasema. "Arobaini yao bado."